Wanawake wa Kasri na Riwaya ambayo Upare Haijaandikiwa

Mwaka 1954 mwandishi wa Kimarekani, Anya Seton, alitoa riwaya iitwayo Katherine, ambayo bado inasomwa. Inamfuata Katherine Swynford, aliyekuwa kimada wa mwanamfalme John of Gaunt kwa miaka mingi hadi mwanamfalme huyo alipomwoa mwaka 1396. Katika kizazi chao walitoka wafalme wa Uingereza. Msomaji wa Same, chini ya milima ya Upare, ananogewa na nini humo?

Ananogewa kwa sababu siasa ya riwaya hiyo si ngeni kwake. Katika tawala za kale ndoa ilikuwa mkataba, na mwanamke ndiye aliyeziunganisha koo mbili. Tazama majirani zetu wa Usambara. Mbegha, mwindaji aliyetoka Unguu, alioa katika koo mbalimbali za Wasambaa, na watoto wake wakawekwa watawale kwa wajomba zao. Habari hizo zimo katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi. Ukiwaondoa akina mama, utawala wa Wakilindi, ukoo wa Mbegha, hauelezeki.

Wanawake wa kasri walikuwa pia na siri na kalamu. Salme, binti wa Seyyid Said wa Zanzibar, alijifunza kuandika kwa kificho. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Sultani Majid, Salme aliandika barua za njama hiyo. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake walimpitisha mbele ya askari akiwa amejifunika kama mwanamke. Tunayajua haya kwa sababu Salme mwenyewe aliyaandika katika kumbukumbu alizochapisha Ujerumani mwaka 1886.

Ugweno, kaskazini mwa Upare, haikupata Salme wake. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya siasa ya Wapare, anaeleza jinsi Angovi wa ukoo wa Wasuya alivyowapokonya utawala Washana, ukoo wa wafua chuma, na jinsi Mranga mwanawe alivyoupanga upya. Wanaotajwa zaidi katika masimulizi hayo ni wanaume. Je, binti wa Kishana aliyeolewa kwa Wasuya, usiku wa kuamkia mapinduzi, angemsikiliza baba au mume? Historia hunyamaza pasipo na ushahidi, na hapo ndipo riwaya hupata kazi. Wala kumpa binti huyo sauti si kuzidisha chumvi. Hata baadaye, katika upinzani dhidi ya kodi ya kikoloni iliyoitwa mbiru, ulioanza mwaka 1945, wanawake wa Upare waliandamana wakiwaunga mkono wanaume.

Hata hivyo, uhuru wa mwandishi kubuni una mpaka. Anaweza kubuni mazungumzo, hofu na mapenzi. Hawezi kumhamisha Angovi ukoo, wala kuwavika Wagweno desturi za kasri za Ulaya. Nasi wasomaji tufurahie hadithi huku tukijua wapi ushahidi unaishia na ubunifu unaanzia. Kufanya hivyo hakupunguzi utamu wake.

Upare inastahili riwaya ya namna hii, tena kwa Kiswahili. Anayetaka kuiandika aanze na kitabu cha Kimambo, kisha apande Ugweno na Usangi awaulize bibi wazee: mabinti wa koo zenu waliolewa wapi, na ndoa hizo zilifunga mapatano gani?