Je, Wajua? Maajabu ya Sufuria ya Ufipa Mfuko Ukipwaya

Hela ikiwa ngumu, mkazi wa Kasense pale Sumbawanga mjini hujikuta akizungukia bidhaa zilezile sokoni: dagaa, maharage, ulezi, unga, mboga za majani. Tumezizoea mno, na bei yake ndogo inatufanya tuzidharau. Lakini kila moja ina kisa chake, na kimojawapo kinatokea angani. Twende.

Sumbawanga maji hayafiki nyuzi 100

Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji hutokota yakiwa na nyuzi joto 94 hivi. Kanuni yake ni nyepesi: kila ukipanda mita 300, kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi 1. Ndugu yako wa Dar es Salaam anachemsha maharage kwa nyuzi 100. Wewe unayachemsha kwa 94, ndiyo maana yanagoma kuiva na mkaa unateketea.

Kuchochea moto hakusaidii hata kidogo. Maji yakishatokota hayaongezeki joto. Utaambulia mvuke mwingi na gunia tupu la mkaa. Kinachosaidia ni kuyaloweka maharage usiku kucha, kisha siku ya pili, sufuria ikianza kutokota, uifunike na kupunguza moto. Wako wanaotia magadi, na kweli maharage hulainika upesi, ila magadi yakizidi huharibu vitamini B1 iliyomo. Kuloweka hakugharimu hata senti, na vitamini inabaki mahali pake.

Ulezi huyashinda maziwa kwa kalsiamu

Gramu 100 za ulezi zina kalsiamu ya miligramu 340 hivi. Gramu 100 za maziwa ya ng'ombe zina kama 120. Yaani punje ile ndogo kama mchanga ina karibu mara 3 ya kile tunachoambiwa tukinywe ili tupate mifupa imara!

Zao lenyewe ni la kwetu. Lilianza kulimwa kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Ethiopia na Uganda, likavuka bahari hadi India, ambako leo mamilioni ya watu hulila kwa jina la ragi. Mahindi yalitoka Amerika na kuingia baadaye sana. Kabla yake, ugali wa Mfipa ulikuwa wa ulezi. Umoja wa Mataifa nao ukachelewa kushtuka: ni mwaka 2023 tu ndipo uliponadi Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii ya uwele, mtama mdogo na ulezi.

Kuna la ziada kwa mwenye ghala. Punje ya ulezi ni ndogo kiasi kwamba wadudu waharibifu wa mahindi hawapati nafasi ya kukaa ndani yake, kwa hiyo huweza kuhifadhiwa miaka mingi bila dawa. Na ukiuotesha ukawa kimea, au ukauchachusha kwa togwa, mwili hufyonza madini yake vizuri zaidi kuliko kwenye uji wa haraka. Bibi zetu hawakuwa na maabara, ila togwa walikuwa nayo.

Walizika nyasi, wakavuna chakula

Uwanda wa Ufipa una nyasi nyingi na miti michache, na udongo wake sehemu kubwa si wa kujivunia. Majirani wa kusini, Wabemba wa Zambia, walikata matawi ya miti na kuyachoma shambani wapate majivu ya kurutubisha ardhi. Mfipa asiye na miti angefanya nini? Alizika nyasi. Mvua zikielekea kuisha, nyasi zilikusanywa na kufunikwa kwa mapande ya udongo hadi shamba likajaa matuta ya mviringo, yaitwayo intumba. Ndani nyasi zinaoza na kuwa mbolea. Juu yanapandwa maharage, ambayo nayo hurudisha naitrojeni ardhini. Msimu unaofuata tuta linavunjwa, udongo unasambazwa, ulezi unasiwa.

Hapo hapana mbolea ya dukani wala kuni iliyochomwa. Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliandika kwamba hajaona watu waliojitoa kwa kilimo kama Wafipa. Mimi namwamini, maana anayezika nyasi mwezi huu ili ale ulezi mwakani si mtu wa kubahatisha.

Dagaa wa Tanganyika ni wahamiaji wa kimataifa

Dagaa wanaotua Kirando, Kipili na Kasanga, kisha kupanda milima hadi masoko ya Sumbawanga, ni wa aina mbili kuu. Mojawapo, kwa jina la kitaalamu Limnothrissa miodon, ilichukuliwa ikapandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na muongo uliofuata ikapelekwa bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe. Huko wakazaliana hadi wakawa kitoweo cha taifa kwa jina la kapenta. Wengine wakajiachia na maji ya mto Zambezi, wakaingia wenyewe bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji. Hakuna aliyewapeleka.

Huvuliwa usiku kwa taa, kwa sababu hukimbilia mwanga. Mbalamwezi ikiwaka sana, taa ya mvuvi haina mvuto, na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo bei unayokutana nayo sokoni imeguswa na mwezi ulioko angani, achilia mbali nauli ya lori. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wapate kuzaliana.

Kwa mwenye bajeti ya kubana, jambo kubwa ni hili: dagaa huliwa mzima. Sangara au migebuka hukuachia mfupa sahanini, lakini dagaa hutafunwa na mifupa yake, na kalsiamu imo humo. Tena dagaa wakavu wamepoteza maji, kwa hiyo kilo 1 yao imetokana na kilo 3 au zaidi za wabichi. Unanunua samaki, hununui maji.

Ghala limejaa, watoto wamedumaa

Hili linashangaza kwa namna ya kuumiza. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa na nchi kwa mahindi, pamoja na Ruvuma, Mbeya na Iringa. Malori hubeba magunia kutoka huku kwenda kulisha wengine. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 34.

Inawezekanaje? Sababu ni nyingi: maradhi ya kuhara, na mama anayeshinda shambani hata akiwa mjamzito au ananyonyesha. Lakini sahani nayo imo kwenye lawama. Ugali hushibisha upesi tumbo dogo la mtoto, na protini ya mahindi ina upungufu: ni haba kwa laisini, mojawapo ya asidi amino, yale matofali ambayo mwili hujengea misuli. Maharage yana laisini tele, ila yamepungukiwa na aina nyingine ambayo mahindi yanayo. Ukivipika pamoja, kila kimoja hufidia pengo la mwenzake. Chakula hicho tunakijua vizuri, ni makande! Kile chakula cha shule ya bweni tulichokikimbia kinafanya kazi ambayo wengi hudhani inahitaji nyama.

Uji wa mtoto hauhitaji fedha nyingi kubadilika. Kijiko cha dagaa waliosagwa, kiganja cha karanga zilizotwangwa, au yai moja lenye gramu 6 hivi za protini: chochote kati ya hivyo kinaugeuza. Karanga zenyewe ni protini kwa robo ya uzito wake, na mafuta juu yake.

Kimondo cha Ivuna kilikuja na kiungo cha maharage

Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, eneo ambalo sasa liko mkoa wa Songwe. Kiliokotwa kipande cha gramu 705 hivi, kizito kuliko nusu kilo ya sukari. Mawe ya aina yake ni adimu mno duniani, na kundi zima la vimondo hivyo limepewa herufi ya I kwa heshima ya Ivuna. Mwaka 2001 wanasayansi walitangaza kwamba ndani yake wamekuta asidi amino zilizoundwa huko angani, ikiwemo glaisini, ambayo imo pia kwenye maharage na dagaa wako.

Ivuna hiyohiyo ilikuwa na umaarufu wa mezani karne nyingi kabla. Wanaakiolojia waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta mabaki ya utengenezaji wa chumvi unaorudi nyuma hadi karne ya 13 hivi. Chumvi chini, asidi amino kutoka juu. Kilichokosekana ni ugali.

Soseji isiyo na nyama, iliyotengenezwa kwa maua

Ng'ambo ya mpaka, Zambia, huuzwa chakula kiitwacho chikanda. Hukatwa vipande kama soseji nene, kina rangi ya nyama na kinatafunika kama nyama, lakini hakina nyama hata chembe. Ni viazi vya maua ya okidi vilivyotwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, magadi na pilipili, kisha vikapikwa. Kilikuwa chakula cha kawaida cha vijijini; kikapendwa mijini, na viazi vya Zambia vikapungua, ndipo wachuuzi wakageukia Nyanda za Juu Kusini za Tanzania.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba viazi vinavyovuka mpaka huenda vinafikia milioni 4 kwa mwaka. Hofu ya kuyamaliza maua hayo ilichangia kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005. Sidhani kama kuna mbuga nyingine Afrika ambayo sehemu ya historia yake ni watu kukosa soseji.

Kichuguu kimoja, mboga mbili

Uyoga mkubwa kuliko wote unaolika duniani huota kwenye misitu ya miombo ya ukanda huu, na kofia yake huweza kufikia upana wa mita 1. Wataalamu waliupa jina lake la kisayansi, Termitomyces titanicus, mwaka 1980 kutokana na sampuli za Zambia. Anayeulima ni mchwa! Huulea ndani ya kichuguu kwa chakula chake, na mvua zikija unachomoza nje. Binadamu hajafaulu kuulima bila mchwa. Kichuguu hichohicho mvua za kwanza hutoa kumbikumbi, wenye protini na mafuta ya kujikaangia wenyewe. Uyoga usioujua usiuguse, hata kama njaa inauma.

Bonde la Rukwa lilitoa nzige kwa nusu ya Afrika

Bonde la Ziwa Rukwa ni moja ya maeneo machache ambako nzige wekundu huanzia. Baa lililodumu toka 1930 hadi 1944 lilichipukia huku na kwenye mabwawa ya Mweru wa Ntipa, Zambia, likasambaa hadi kusini mwa bara. Aliyepoteza shamba angalau alipata kitoweo, kwani nzige ni protini tupu; wa leo waliopuliziwa dawa hawafai kuliwa kabisa.

Boga ni mmea usio na taka

Majani yake ni mboga, tunda linachemshwa, na mbegu zake ambazo wengi humwagia kuku ni karibu asilimia 30 protini. Ukiunga majani hayo kwa karanga au mafuta kidogo ya alizeti, mwili hupata vitamini A kwa wingi zaidi, kwa sababu vitamini hiyo husafiri na mafuta. Majani ya kuchemsha kwa maji na chumvi peke yake yana vitamini hiyohiyo, ila nyingi hupita bila kufyonzwa.

Unga mweupe unaulipia mara mbili

Kwenye mashine unalipa kukoboa, kisha unalipa kusaga. Na katika kukoboa, unaacha pumba na kiini cha mahindi, sehemu zenye mafuta, nyuzinyuzi, madini na vitamini B nyingi za punje. Debe ulilokuja nalo linarudi nyumbani limepungua, na kilicho bora kimekwenda kwa nguruwe wa mtu.

Dona haina hasara hiyo, ina kasoro moja tu: mafuta ya kiini huifanya ichache mapema, kwa hiyo saga kidogo kidogo. Chambua kwanza mahindi yenye ukungu, maana sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Yaliyobaki yapeleke mashineni, na ukiulizwa kama yakobolewe, sema hapana.