Jiografia Ianzie Ufukweni: Kuchagua Vitabu kwa Watoto Wetu wa Kilwa



Likizo iliyopita, tukiwa kwenye utume katika kigango kimoja cha pwani ya Kilwa, mama mmoja wa jumuiya alituita nyumbani kwake baada ya Misa. Juu ya mkeka alikuwa amepanga vitabu kumi na viwili, vizito, vyenye picha za rangi, alivyotumiwa na dada yake anayeishi Marekani. Ulikuwa mtaala kamili wa Kikristo wa jiografia na tamaduni za dunia, uliotungwa kwa ajili ya wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani. "Frateri," alisema, "nina watoto watatu, wa darasa la pili, la tatu na la tano. Nikiwafundisha haya jioni, nitakuwa nimewasaidia au nimewaharibu?"

Tulikaa na vitabu vile siku tatu. Makala haya ni jibu letu kwake, na kwa wazazi wengine wanaoletewa vitabu vya namna hiyo au kuvipakua kwenye simu.

Kwanza jambo la sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe shule ya msingi. Kwa hiyo kwetu masomo ya nyumbani hayachukui nafasi ya shule. Ni ya jioni, Jumamosi na likizo. Hata hivyo mzazi hajavuliwa wajibu wake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la mwaka 1965, unawatambua wazazi kuwa walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mwalimu wa kwanza ana haki ya kuchagua kitabu, na ana wajibu wa kukisoma mwenyewe kabla hajampa mtoto.

Tuseme kweli, vitabu vile vilikuwa na mazuri mengi. Ramani zake ni safi kuliko zozote tulizosomea sisi. Sura za volkano, mikondo ya bahari na upepo zimeelezwa vizuri, na sala fupi zinamfundisha mtoto kumshukuru Mungu kwa uumbaji. Tatizo lilianza tulipofika ukurasa wa Afrika. Tulikuta simba, nyumba ya msonge, na mtoto asiye na viatu. Pwani ya Waswahili haikutajwa kabisa. Mbele kidogo kulikuwa na ukurasa mmoja juu ya Waislamu, ukiwaeleza kama watu wa nchi za mbali wanaohitaji kuombewa.

Mtoto wa Kilwa akisoma ukurasa ule atajifunza kwamba Mwislamu ni mgeni. Kumbe ndiye anayeshona nyavu na baba yake, ndiye mwalimu wake wa darasa la tatu, na pengine ndiye bibi yake mzaa mama. Huku kwetu Wakatoliki ni wachache, na sahani za pilau huvuka ua kwa Idi na kwa Krismasi bila kuulizana. Je, mtoto aamini kitabu, au aamini ua wa nyumba yake?

Hapo ndipo tulipopata kipimo tunachopendekeza. Kabla hujachagua mtaala wowote wa jiografia, fungua kwanza ukurasa unaohusu mahali unapoishi. Huo ndio ukurasa pekee unaoweza kuuhakikisha kwa macho yako. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba maarifa yetu huanzia kwenye milango ya fahamu. Basi mtoto aanze na anachokiona na kukigusa, kisha aende mbali. (Sisi wenyewe tulifika mwaka wa falsafa tukiyajua majina ya mito ya Ulaya kuliko ya vijito vya mikoko ya hapa. Hatuna wa kumcheka.)

Na pwani hii inaweza kufundisha dunia nzima. Chukua upepo peke yake. Kaskazi ulileta vyombo kutoka Uarabuni na India, kusi ukavirudisha, na Kilwa iko karibu na mwisho wa safari ambayo chombo kingeweza kuimaliza na kurudi kwa msimu. Mtoto akielewa hilo ameelewa kwa nini mji ulikua hapa, na kwa nini dhahabu ya Sofala ilipitia hapa. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa. Sarafu yenye jina la sultani huyo ilipatikana Great Zimbabwe. Vigae vya vyombo vya China vimefukuliwa kisiwani. Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia; waachieni watoto swali la namna zilivyofika huko. Tangu 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia wa UNESCO. Ukienda kusini, kwenye kilima cha Tendaguru mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, na mmoja wao amesimamishwa Berlin, mrefu kupita nyumba ya ghorofa tatu. Mtoto wa Lindi anapaswa kuijua Berlin kwa sababu hiyo kabla ya sababu nyingine yoyote.

Sasa sehemu ngumu. Mzazi Mkatoliki atafundishaje mwaka 1505? Mwezi Julai mwaka huo Francisco de Almeida aliutwaa mji wa Kilwa. Masimulizi ya mmoja wa waliokuwa kwenye meli zake yanasema kwamba mapadre Wafransisko walishuka na misalaba miwili kwa maandamano, wakiimba Te Deum, hadi kwenye jumba la sultani. Sala ilipokwisha, askari wakaanza kuupora mji. Msalaba wetu uliingia Kilwa hivyo, na mitaala mingi ya Kikristo hulipita jambo hilo kimyakimya.

Tulishauriana sana juu ya hili, maana wapo waliosema mtoto wa darasa la tano ni mdogo mno. Hatukubaliani nao. Mtoto huyo huyo ataambiwa habari hizo na rafiki yake, au na kiongozi wa watalii, na atajiuliza kwa nini nyumbani zilifichwa. Aambiwe na mama yake. Aambiwe pia kwamba Agosti 14, 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini aliyekuwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho, aliuawa Mikukuyumbu pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Na kwamba vita vile na njaa iliyofuata viliwamaliza Wangindo, Wamatumbi na wengine wengi mno. Tukisimulia 1905 tukanyamazia 1505, tutamfanya mtoto adhani machozi yote yalikuwa upande wetu. Kanisa lenyewe, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, linawaheshimu Waislamu na kuomba pande zote zijitahidi kuelewana na kuacha ugomvi wa zamani. Lakini huwezi kuuacha ugomvi usioujua.

Kuhusu vitabu vya kununua, ushauri wetu ni mfupi. Msingi uwe vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vya Jiografia na Mazingira na vya Historia ya Tanzania na Maadili, ambavyo husomwa bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi. Kwa upande wa imani, watoto wa Utoto Mtakatifu tayari wana ramani mikononi: Rozari ya Kimisionari iliyoanzishwa na Askofu Fulton Sheen mwaka 1951. Kijani ni Afrika, nyekundu Amerika, nyeupe Ulaya, buluu visiwa vya Pasifiki, njano Asia. Kila fumbo, nchi moja itafutwe kwenye ramani, na mtoto aseme watu wake wanakula nini na wanaishije, kabla ya kuwaombea.

Mama yule amebaki na vitabu viwili kati ya kumi na viwili: atlasi, na kile cha bahari na upepo. Ukurasa wa Afrika watoto wameuandika upya kwenye daftari, na yule wa darasa la tano amechora Msikiti Mkuu wa Kisiwani na ngalawa ya babu yake mbele yake. Kisiwani kwenyewe hawajawahi kufika, ingawa kutoka Masoko ni kilometa mbili hivi za maji. Kibali huchukuliwa Masoko kabla ya kuvuka. Tumeahidiana nao Januari, kabla shule hazijafunguliwa, bahari ikiruhusu.