Seva Imewaka, Kanzidata Imegoma

Umeme umekatika na kurudi, seva imewaka, lakini mfumo wa mauzo haufunguki kwa sababu kanzidata imegoma kuanza. Dakika kumi zinazofuata ndizo za hatari zaidi. Hapo ndipo fundi mwenye haraka hufuta faili asilolijua au kusakinisha programu upya, na data iliyonusurika na umeme ikapotea mikononi mwake.

Tuchukue PostgreSQL kwenye Ubuntu. Ukiuliza kwa amri ya systemctl status postgresql, unaweza kujibiwa kwamba huduma iko hai ilhali kanzidata imelala, maana hiyo ni huduma mwavuli tu. Tumia pg_lsclusters uone hali halisi, kisha fungua faili la logi lililo ndani ya /var/log/postgresql. Soma mistari ya mwisho kabla hujagusa kitu. Mara nyingi sababu imetajwa hapo: diski imejaa, poti 5432 imeshikwa na programu nyingine, ruhusa za folda ya data zimebadilishwa, au diski inayobeba data haikuunganishwa seva ilipowaka.

Usiulize tu kilichotokea leo. Huenda kuna mtu alihariri postgresql.conf miezi mitatu iliyopita akakosea herufi moja, kanzidata ikaendelea kufanya kazi kwa mipangilio iliyokwisha kuisoma. Kosa lile lilikaa kimya mpaka seva ilipozimika.

Logi ikisema kanzidata inajirejesha, iache. PostgreSQL huandika kila badiliko kwanza kwenye folda ya pg_wal, na baada ya kuzimika ghafla huyarudia mabadiliko hayo mpaka data ikae sawa. Kwenye kanzidata kubwa kazi hiyo huchukua muda. Kuikatiza ni kuianza upya.

Folda hiyo isifutwe hata diski ikijaa pomoni. Zamani iliitwa pg_xlog, na wapo walioifuta wakidhani ni logi za kawaida; toleo la 10, lililotoka mwaka 2017, likaibadilisha jina. Tafuta nafasi kwingine. Vilevile usiondoe faili la postmaster.pid kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna mchakato wa postgres unaoendelea, kwa kuwa michakato miwili ikiandika kwenye folda moja ya data, data huharibika. Na amri ya pg_resetwal ni ya mwisho kabisa, tena baada ya kunakili folda nzima ya data huduma ikiwa imezimwa, kwani inaweza kuiwasha kanzidata na kuacha data yenye kasoro.

Ndugu msimamizi wa mfumo, kila ukibadilisha mipangilio, angalia makosa kwenye mwonekano (view) wa pg_file_settings, kisha uiwashe upya kanzidata wewe mwenyewe usiku ambao wateja hawapo. Usisubiri umeme ukufanyie jaribio hilo saa nne asubuhi.