Askari na Kamera Yake ya Kwanza

Wahenga wetu walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maana yake ni kuwa mtu akaaye dukani kutwa nzima akipima mipini na kugonga vyuma, huku mvua za kwanza zikimpita, hatavuna kitu. Methali hiyo ni ya kweli, na kila atakaye kununua kamera yafaa aiweke moyoni. Lakini uko upande wa pili ambao hausemwi sana. Mkulima aliyechukua jembe lolote kwa pupa, likamvunjikia mkononi katikati ya msimu, naye pia havuni.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mkulima wa namna hiyo ya pili. Siku mbili kabla ya jamaa zake kukusanyika kijijini, alinunua kamera ya dijitali iliyokwisha tumika, kwa kuwa ilikuwa na namba kubwa iliyoandikwa usoni na muuzaji wake alikuwa na maneno matamu. Hakuchungulia ndani ya lenzi. Picha zote za siku ile zilitoka na utando mweupe, kana kwamba watu wamesimama nyuma ya moshi wa jikoni. Baba yake mzazi alifariki kabla ya mwaka kwisha, na picha zake za mwisho ndizo hizo za moshini. Fedha zilizopotea zilipatikana tena kwa kazi; sura ile haikupatikana tena.

Jambo hili lawagusa askari kuliko watu wengi. Mwanajeshi au polisi huishi mbali na nyumbani, na watoto wake hukua akiwa zamuni. Tena wapo wengi ambao, baada ya kumaliza muda wa kulinda amani ng'ambo, kama vile wenzetu waliokuwa wakipelekwa Somalia tangu mwaka 2007, hurudi na akiba mkononi na kutamani kamera ya kweli. Mmoja ataitaka kwa ajili ya jamaa zake. Mwingine ataitaka iwe kazi ya mkono atakapostaafu, apige picha za harusi na za mahafali. Kwa wote wawili, fedha hizo ni jasho la miezi mingi. Katika makala haya tutaeleza jinsi ya kuzitumia kwa busara.

KIOO NDANI YA KAMERA

Kamera inayozungumzwa hapa ni ile yenye kioo ndani yake na lenzi inayoweza kutolewa. Mwanga huingia kwa lenzi, hugonga kioo kilicholala mshazari, hupanda juu na kulifikia jicho la mpigaji katika tundu la kuchungulia. Aonacho mpigaji ndicho kionwacho na lenzi yenyewe. Kidole kibonyezapo, kioo huruka juu, pazia hufunguka kwa kitambo kidogo mno, na mwanga hukifikia kihisi, yaani bamba lile ambalo limechukua mahali pa filamu ya zamani. Mlio ule wa "klak" ni mlio wa kioo na pazia.

Kamera za dijitali za namna hii zilianza kuuzwa mwaka 1991, wakati kampuni ya Kodak ya Marekani ilipotia kihisi katika kamera ya Nikon F3. Ilikuwa na megapikseli 1.3 tu, na mpigaji alibeba begani sanduku la kuhifadhia picha, kama askari abebavyo redio ya mawasiliano. Mwaka 1999 Nikon ilitoa D1, na mwaka 2003 Canon ilitoa EOS 300D, ambayo ndiyo iliyoshusha bei chini ya dola 1000 na kumfungulia mlango mtu wa kawaida.

Siku hizi watengenezaji wamegeukia kamera zisizo na kioo. Kamera za mwisho za kioo kutolewa na Canon na Nikon ni za mwaka 2020, na ilipofika mwaka 2022 Nikon ilikuwa imeacha kutengeneza D3500, kamera iliyopendwa sana na wanafunzi. Je, habari hiyo imfukuze anayeanza? Sivyo. Wapigaji wengi wanauza kamera zao za kioo ili wanunue za mtindo mpya, kwa hiyo kamera nzuri na lenzi nyingi zimeingia sokoni kwa bei ya chini. Isitoshe, kamera ya kioo haili betri kwa pupa. D3500 hupimwa kwa picha 1550 kwa betri moja iliyojaa, na Canon EOS 2000D kwa picha 500. Kwa askari aliye katika kituo ambacho umeme hufika kwa jenereta ya jioni, hilo si jambo dogo.

IDADI SI UBORA

Jambo la kwanza ambalo muuzaji atalisema ni idadi ya megapikseli, yaani mamilioni ya vitone vinavyoijenga picha. Yafaa msomaji ajue hesabu yake. Picha ya kutundikwa ukutani, yenye upana wa inchi 12 na kimo cha inchi 8, ikichapwa kwa vitone 300 katika kila inchi, yahitaji vitone 3600 kwa 2400, ambavyo havifiki hata milioni 9. Kamera ya megapikseli 12 inatosha na kubakiza. Tena, megapikseli 24 hazifanyi picha iwe na upana mara mbili ya ile ya 12. Upana huongezeka kwa kadiri ya asilimia 41 tu.

Kilicho kikubwa zaidi ni ukubwa wa kihisi chenyewe. Katika kamera za daraja la kuanzia za Nikon kihisi kina upana wa milimita 23.5 hivi, na za Canon milimita 22.3. Hicho ni kikubwa mara nyingi kuliko kihisi cha simu ya mkononi, na kama mtungi wenye mdomo mpana chini ya mvua, hukusanya mwanga mwingi zaidi kwa muda ule ule. Ndiyo maana picha za jioni hazijai chembechembe upesi. Ziko pia kamera zenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, lakini bei yake na uzito wa lenzi zake havimfai anayejifunza.

LENZI NDIYO JICHO

Kamera huzeeka, lakini lenzi njema hudumu. Kishikio cha lenzi cha Nikon kilianza mwaka 1959, na kile cha Canon kiitwacho EF mwaka 1987. Kwa hiyo anayenunua kamera hanunui sanduku tu, bali anajiunga na ukoo wa lenzi. Kabla ya kuchagua, aulize jamaa na maafande wenzake wanatumia ukoo gani, maana lenzi ya kuazima ni mwalimu asiyedai ada.

Kamera nyingi huuzwa pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Lenzi hiyo ni nyepesi na yafaa kwa gwaride, kwa mandhari na kwa kundi la watu mchana. Udhaifu wake huonekana usiku. Ikivutwa hadi mwisho, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa katika kila ukoo, huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya sura ya mtoto iliyo wazi chini ya taa moja ya chumbani na kivuli kilichotikisika.

Basi, ushauri wetu ni huu. Mwenye fedha za kununua kamera mpya ya juu bila lenzi ya pili, na anunue kamera ya chini yake, iliyotunzwa, pamoja na lenzi hiyo ya f/1.8. Fedha huonekana katika picha zinapowekwa kwenye lenzi kuliko zinapowekwa kwenye sanduku.

Ipo mitego ambayo anayeanza hawezi kuijua mwenyewe. Kamera za Nikon za jamii ya D3000 na D5000 hazina mota ya kulengea ndani yake. Zikifungwa lenzi za zamani zisizo na mota, mpigaji atalenga kwa mkono. Canon EOS 4000D ina kishikio cha lenzi cha plastiki mahali pa chuma. Na katika 4000D na 2000D, mahali pa kufungia flashi hapana kile kituo cha katikati ambacho flashi nyingi za makampuni mengine hukitegemea ili ziwake. Anayekusudia kufanya kazi ya harusi ayakumbuke hayo kabla ya kulipa.

UKAGUZI KABLA YA MALIPO

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kamera inayotembezwa mkononi mwa mtu mwenye haraka yahitaji kukaguliwa kama bunduki inavyokaguliwa kabla ya zamu.

Kwanza, itolewe lenzi na ielekezwe kwenye mwanga. Likionekana jambo mfano wa uzi wa buibui au utando wa maziwa, hiyo ni kuvu iliyoota kwa sababu ya unyevunyevu, nayo ndiyo iliyomharibia mwandishi picha za baba yake. Isinunuliwe kwa bei yoyote.

Pili, ipigwe picha ya ukuta mweupe au ya mbingu kwa tundu dogo, kama f/16. Madoa meusi yatakayoonekana ni vumbi juu ya kihisi. Vumbi husafishika, lakini mikwaruzo haisafishiki.

Tatu, pazia lijaribiwe kwa mwendo wa kasi na wa polepole, tuseme 1/1000 ya nukta, kisha nukta moja nzima. Picha ikiwa na ukanda mweusi upande mmoja, pazia limechoka. Pazia huhesabiwa umri kwa idadi ya kufunguka kwake. Katika Nikon hesabu hiyo huandikwa ndani ya faili ya picha na fundi anaweza kuisoma; katika Canon nyingi huhitaji kuunganisha kamera yenyewe na kompyuta yenye programu maalumu.

Nne, kifunguliwe chumba cha betri kutazama kutu, na lenzi ijaribiwe kulenga kitu cha karibu na cha mbali.

Tano, na hili ni la heshima ya sare, itazamwe namba iliyochapwa kiwandani, ambayo kwa kawaida huwa chini ya kamera, na ilinganishwe na risiti au sanduku lake. Askari aliyenunua kamera ya wizi hawezi kujitetea kwamba hakujua kuuliza, kwa kuwa kuuliza ndiyo kazi yake. Kama muuzaji hana karatasi, na aandike hati ya mauziano mbele ya shahidi. Akikataa, amekwisha kujibu.

KAMERA NA KIAPO

Kamera ya askari haifanani kabisa na kamera ya raia. Picha ya dijitali hubeba ndani yake tarehe na saa ilipopigwa, na katika kamera nyingine hata mahali. Nikon D5300 ya mwaka 2013, kwa mfano, ina chombo cha kupokea ishara za setilaiti na kuandika mahali picha ilipopigwa. Jambo lililo zuri kwa mtalii laweza kuwa hatari kwa kikosi. Chombo hicho kizimwe, na ndani ya kambi, kwenye ghala au kizuizini kamera isifunguliwe pasipo ruhusa ya mkuu. Polisi naye asichanganye kadi ya picha za nyumbani na ya picha za kazi, kwa sababu ushahidi unaopitia mikono mingi na kadi nyingi hupoteza nguvu mahakamani.

UTUNZAJI NA MAZOEZI

Adui mkubwa wa lenzi katika nchi za mvua na maziwa ni unyevunyevu. Kamera isihifadhiwe katika mfuko wa ngozi ndani ya sanduku la nguo. Iwekwe katika chombo cha plastiki kifungwacho barabara, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu ambavyo hupatikana ndani ya masanduku ya viatu vipya, na kila baada ya siku chache itolewe itumike. Wakati wa kubadili lenzi, kamera izimwe, mdomo wake uelekee chini, na mpigaji aupe upepo mgongo.

Kamera ikishapatikana, na turudi kwenye methali yetu. Kuchagua kumekwisha, sasa ni kulima. Kwa miezi 3 ya mwanzo mpigaji asitamani lenzi nyingine. Ajifunze mambo matatu tu: ukubwa wa tundu, mwendo wa pazia, na wepesi wa kihisi, ambao huandikwa kwa namba kama 100, 400 na 1600. Kwa askari wanaopita kwa mwendo wa gwaride, aanze na 1/500 ya nukta ili buti zisionekane kama ukungu. Kwa mzee aliyeketi kivulini, afungue tundu, asogee karibu, na angoje asahau kwamba kamera ipo.

Tena asingoje siku kuu. Picha zilizo na thamani mara nyingi ni za siku isiyo na jina: mama akichambua mchele, mtoto akilala juu ya daftari lake, baba akifunga kamba ya kiatu kabla ya kwenda shambani. Ndugu askari, utakapopata likizo yako ijayo, chungulia lenzi yako mbele ya dirisha kabla ya kupanda basi. Iwapo ni safi, nenda nyumbani ukaanze na wazee.