Mtungi wa Kishipibo: Ujuzi Ulio Chini ya Nakshi

Kando ya Mto Ucayali, katika msitu wa Amazon nchini Peru, wanawake wa Kishipibo hufinyanga mitungi mikubwa bila gurudumu. Atazamaye mitungi hiyo kwanza huvutwa na kené, nakshi za mistari inayopinda na kukutana bila kuvurugana. Simulizi za Kishipibo huzihusisha nakshi hizo na ngozi ya Ronin, joka kuu la majini. Lakini ujuzi wa mfinyanzi huanza mapema zaidi, kwenye udongo.

Udongo mtupu hunywea unapokauka, kisha hupasuka motoni. Kwa hiyo mfinyanzi huuchanganya na majivu ya gome la mti uitwao apacharama, yenye silika nyingi, pamoja na vigae vya vyungu vikuukuu vilivyosagwa. Chembe hizo hupunguza kunywea na kuupa mvuke njia ya kutoka. Chungu kilichovunjika, basi, huzaliwa upya ndani ya kingine.

Baada ya hapo udongo husokotwa, misokoto ikapangwa mmoja juu ya mwingine, na ukuta ukakwanguliwa kwa kipande cha kibuyu hadi uwe mwembamba na sawasawa. Ndipo hupakwa udongo mweupe na kuchorwa. Mistari minene hutangulia na kugawa uso wa chombo; myembamba huifuata, kisha nafasi zinazobaki hujazwa. Brashi ya mistari myembamba yaweza kuwa nywele chache za mfinyanzi mwenyewe. Vipimo vyote vimo machoni na mkononi mwake.

Chombo huchomwa kwa kuni mahali pa wazi. Kikiwa bado cha moto, hupakwa utomvu wa mti unaoyeyuka, ukang'aa na kuilinda rangi. Utomvu huo hauvumilii jiko. Ndiyo maana chungu cha kupikia hakipambwi hivyo, ilhali chomo, mtungi wa maji na wa masato, yaani pombe ya muhogo, hupambwa, sawa na kenpo, bakuli la kunywea.

Siku hizi sufuria na ndoo za plastiki zimechukua kazi nyingi za vyombo hivi, na wafinyanzi wengi hufinyanga kwa ajili ya wageni na maduka ya sanaa. Mwaka 2008 Peru ilitangaza kené kuwa urithi wa utamaduni wa taifa. Hatua hiyo ni njema, lakini haitoshi. Nakshi yaweza kunakiliwa kwenye kitambaa kwa mashine. Kiasi cha majivu kinachofaa kwenye udongo hujulikana kwa kufinyanga pamoja na mama au bibi.

Wenye maduka na makumbusho waandike jina la mfinyanzi, si la kabila peke yake. Nawe mnunuzi, ukikutana na mtungi huo, uliza nani ameufinyanga, na ulipe bei inayolingana na kazi yake.