Upweke si Ukiwa

Mgonjwa aliyelazwa katika wodi iliyojaa hayuko peke yake hata dakika moja. Wauguzi hupita, madaktari hupita, jamaa za wenzake huja na vyakula. Hata hivyo, anaweza kuwa mkiwa kuliko mchungaji aliye nyikani na mifugo yake. Upweke ni kuwa peke yako. Ukiwa ni kukosa wa kukufaa.

Tofauti hiyo aliieleza Epictetus, mwanafalsafa wa Kistoiki, yapata miaka 1,900 iliyopita. Alizaliwa mtumwa huko Hierapolis, katika Uturuki ya leo, akaishi na ulemavu wa mguu, kisha akalazimika kuondoka Roma wakati Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa. Alifundisha Nicopolis, Ugiriki, na mwanafunzi wake Arrian akayaandika mafundisho hayo. Kwa Epictetus, msafiri aliyezingirwa na wanyang’anyi ni mkiwa ingawa amezungukwa na watu. Kinachomwondolea mtu ukiwa si kuona sura ya binadamu, bali kumwona mwaminifu mwenye kumsaidia.

Msaidizi wa kwanza, alisema, ni nafsi ya mtu mwenyewe. Ndiyo sababu aliwahimiza wanafunzi wake wajizoeze kukaa na nafsi zao na kuzungumza nazo. Wastoiki walikuwa na desturi ya kuyapitia matendo ya siku kabla ya kulala: nimekosea wapi, nimetenda jema gani, nimeacha wajibu upi? Anayezoea faragha ya namna hiyo akiwa mzima huwa na akiba siku ya ugonjwa, ufiwa au uzee.

Lakini dawa hii ina mipaka. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani huathiriwa na ukiwa, na kwamba hali hiyo inahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Kumwambia mkiwa avumilie tu ni kumwacha mara ya pili. Wastoiki wenyewe walifundisha kwamba binadamu ameumbwa kwa ajili ya wenzake.

Inasimuliwa kwamba Epictetus aliishi peke yake miaka mingi. Uzeeni alimchukua mtoto wa rafiki yake, aliyekuwa karibu kutupwa, akamlea. Aliyejua kukaa peke yake hakukubali mtoto huyo aachwe mkiwa.