TEKNOLOJIA: Usitupe picha asilia kwa tamaa ya kuokoa nafasi

YEYOTE ambaye amedumisha tovuti kwa miaka kadhaa, iwe ya shule, chama cha ushirika au familia, hatimaye hujikuta na maelfu ya picha zinazojaza diski. Hapo ndipo huingiwa na wazo la kuzigeuza zote ziwe katika muundo mpya wa faili unaochukua nafasi ndogo, kisha azifute zile za awali.

Wazo hilo si baya. Hata hivyo, likitekelezwa pasipo uangalifu huweza kuharibu kumbukumbu zisizoweza kupatikana tena.

Nakala iliyoko mtandaoni si ya kutegemewa. Mnamo Oktoba 2009, kampuni ya Yahoo ilifunga GeoCities, huduma iliyokuwa imewapa mamilioni ya watu kurasa za bure tangu miaka ya tisini. Wahifadhi wa kujitolea pamoja na shirika la Internet Archive la Marekani waliharakisha kunakili walichoweza. Kilichokosa kunakiliwa, na ambacho mwenyewe hakukiweka kando, kilipotea. Maadamu picha uliyo nayo huenda ndiyo pekee iliyosalia, ni sharti uelewe kinachotendeka unapoibadilisha.

Picha nyingi za zamani za mtandaoni zimo katika miundo mitatu: GIF ya mwaka 1987, JPEG ya 1992 na PNG ya 1996. PNG huhifadhi kila pikseli, yaani kila nukta ya rangi, jinsi ilivyo. JPEG, kwa upande wake, huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kisha hutupa maelezo madogo ambayo aghalabu jicho la binadamu haliyatambui. Kilichotupwa hakirudi.

Ni mfano wa kutia nguo sandukuni. Ukiikunja vizuri, siku ya kuikunjua utaikuta nzima. Ukiikata pindo kwa makasi ili itoshee, hutaipata tena ilivyokuwa. PNG hukunja, JPEG hukata.

Miongoni mwa miundo mipya ni WebP, iliyotangazwa na Google mwaka 2010, AVIF ya 2019 na JPEG XL, iliyoidhinishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2022. Kwa mujibu wa Google, faili ya WebP huwa ndogo kuliko JPEG ya ubora uo huo kwa asilimia 25 hadi 34.

Tatizo ni kwamba unapoigeuza JPEG kuwa WebP kwa njia ya kawaida, picha ambayo tayari ilikwisha kukatwa hupitishiwa makasi mara ya pili. Mara moja huenda usitambue tofauti. Lakini ukiirudia kazi hiyo kila muundo mpya unapozuka, nyuso na maandishi huanza kufifia. Nako kuigeuza JPEG kuwa WebP isiyopoteza chochote mara nyingi huzaa faili kubwa kuliko ya awali.

JPEG XL ina njia tofauti. Inaweza kuchukua tarakimu zilezile zilizomo ndani ya JPEG na kuzipanga upya kwa ustadi zaidi, bila kukata lolote. Nafasi inayookolewa ni takriban asilimia 20, na faili ya awali inaweza kurejeshwa bila hata herufi moja kubadilika.

Walakini, ubora pekee hautoshi. Mnamo Oktoba 2022, Google ilitangaza kwamba ingeiondoa JPEG XL katika kivinjari cha Chrome. Mwaka uliofuata, Apple iliitia katika Safari. Faili ya kumbukumbu haina faida iwapo tarakilishi ya mjukuu wako haitaweza kuifungua.

Kwa hivyo, anza kwa kuweka faili zote asilia katika diski ya kando. Pili, unapobadilisha PNG, hakikisha umechagua njia isiyopoteza chochote. Kumbuka pia kuwa WebP haikubali picha yenye zaidi ya pikseli 16,383 kwa upande mmoja, na PNG ya biti 16 kwa kila rangi itapunguzwa hadi biti 8.

Tatu, chunguza iwapo tarehe, mahali na maelezo yaliyofichika ndani ya faili yamesalia, kwani programu nyingine huyafuta kimyakimya. Nne, jaribu picha chache kwanza. Ukizirejesha kutoka JPEG XL, linganisha alama ya SHA-256 ya faili ya awali na ya iliyorejeshwa. Zikitofautiana hata kidogo, simamisha kazi.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Muundo mpya na utumike kwa picha za kuonyeshwa mtandaoni, lakini ile asilia ibaki mahali pake.